Natarajia utakuja, natarajia uje

Kijana mmoja ofisini kwetu, mtafsiri mwenzangu, aliletewa barua pepe na mteja wa London. Ndani mlikuwa na sentensi moja tu: "I'd expect to see a draft by Friday." Akaisoma kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa. Huyu bwana anadhani rasimu itakuwa tayari Ijumaa. Haya, adhani tu, sisi tutampelekea Jumatatu. Jumatatu akapeleka. Jibu lililorudi halikuwa hata na salamu.

Tangu hapo ana neno lake moja: Waingereza wanafiki, wanatoa amri huku wakijifanya wanakisia. Na hayuko peke yake. Kule kule Uingereza wapo wanaopigania Kiingereza chepesi kwenye fomu na barua za ofisi, nao husema ukitaka mtu afanye jambo, mwandikie "must" na uishie hapo. Anayetarajia atarajie mvua. Hoja yao ina uzito, hasa kwa msomaji ambaye hakulelewa katika lugha hiyo na hana wa kumuuliza.

Ila naona kitenzi kinabebeshwa lawama isiyo yake. Tuchukue mbili hizi: "I expect you'll come" na "I expect you to come." Kitenzi ni kile kile, na anayengojewa ni yule yule. Ya kwanza ni kisio, na kisio lenyewe jepesi kabisa. Mwingereza akimpokea mgeni aliyetoka safari atamwambia "I expect you're tired," pale ambapo Mmarekani angesema "I guess." Hakuna anayemwagiza mgeni achoke. Ya pili ni ya mama aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi. Tofauti haikufichwa popote, iko palepale baada ya kitenzi: huku sentensi kamili yenye wakati wake, huku mtu na "to."

Sisi wenyewe tunafanya hivyo kila siku bila kuitana wanafiki. "Natarajia utakuja" na "natarajia uje" si kitu kimoja. Ule mwisho wa -e umembana mtu. (Ugomvi wa tarajia na tegemea siugusi leo, una siku yake.)

Kanuni hii haisimami kwa mguu mmoja, nakiri. "I expect it to rain" ina umbo la agizo, na mvua haiagizwi. Kwa hiyo baada ya umbo kuna swali la pili: anayetarajia ana nguvu gani juu ya kinachotarajiwa? "I expect the bus to arrive at three," akisema abiria kituoni, amekisia. Akisema meneja wa kampuni ya mabasi, dereva ajiangalie. Sentensi ya mteja wetu ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu "you" haimo kabisa. Anayetarajia na atakayeona ni mtu mmoja, na mtu wa kuagizwa ameondolewa. Lakini swali la pili linaijibu upesi: rasimu iko mikononi mwa nani, na anayelipa ni nani?

Linganisha na "hope." Wanafunzi wetu huandika "I hope you to come," na mwalimu hukata kwa wino mwekundu bila kueleza sababu. Mzaliwa wa lugha hasemi hivyo. Atasema "I hope you'll come," au hata "I hope you come," kwa wakati uliopo ingawa jambo ni la kesho. Maelezo yangu ni haya: mwenye kutumaini hana mkono wa kumshika mtu, na sarufi haimpi. Mwenye kutarajia anao, akitaka kuutumia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko baharini. Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar huko Hispania, Admirali Nelson wa jeshi la majini la Uingereza alitaka manowari zake zote zisome ujumbe mmoja kabla ya mizinga kuanza. Alitaka kusema Uingereza "confides," yaani ina imani, kwamba kila mtu atatimiza wajibu wake. Luteni wake wa ishara, John Pasco, akamwomba abadilishe neno. Katika kitabu cha ishara kilichotungwa na Popham, afisa wa jeshi hilo hilo, maneno ya kawaida yalikuwa na namba, namba moja kwa pandisho moja la bendera. "Expects" ilikuwamo, namba 269. "Confides" haikuwamo, ingebidi ipandishwe herufi moja moja, mara nane. Nelson akakubali palepale. "Duty" nayo haikuwamo, ikaendeleshwa kwa herufi zake nne.

Kwa hiyo neno maarufu kuliko yote la Kiingereza la kutarajia lilishika nafasi ya imani kwa sababu tu neno la imani halikuwamo kitabuni! Sasa tazama umbo: "England expects that every man will do his duty." Ni "that" na "will," lile umbo la kisio, umbo lenye imani. Nelson aliazima kitenzi tu, imani yake ikabaki katika sarufi. Lakini muulize mtu wa leo ainukuu, mara nyingi utasikia "expects every man to do his duty." Midomo ya watu imeisogeza sentensi kutoka upande wa imani hadi upande wa amri, na wengi hawasikii kwamba kuna kitu kimehama. Wapo walioisikia kama amri siku ile ile. Hata Collingwood, msaidizi wa Nelson, inasimuliwa kwamba alipoziona bendera tu, kabla ya kuambiwa maneno yake, alinung'unika kuwa bora mwenzake aache ishara, wanajua wafanye nini.

Wakosoaji nawapa haki mahali pamoja, katika kauli ya kutendwa. "Staff are expected to arrive by eight." Nani anatarajia? Hapo nguvu ipo na mwenye nguvu hayupo, na lile swali langu la pili halina wa kuulizwa. Magazeti yetu yameipokea kauli hiyo kwa mikono miwili: rais anatarajiwa kufungua kiwanda, mvua zinatarajiwa kunyesha, wanafunzi wanatarajiwa kuvaa sare, yote kwa sauti moja, kana kwamba sare nazo hushuka kutoka mawinguni.

Wiki iliyopita nilikuwa na mwongozo wa wafanyakazi wa hoteli, kurasa arobaini, "are expected to" kila mahali. Nikaandika "wanatakiwa" na kijana wangu akafurahi, akaniambia sasa nimeingia upande wake. Tukafika kwenye kifungu cha wageni, kwamba wanatarajiwa kuacha vyumba saa nne asubuhi. Akataka tubadilishe na hicho. Nikamwambia akiache. Tulibishana mpaka chai ikapoa.