Espreso ya Barafu: Hesabu Iko Kwenye Maji

Wanaotaka kutengeneza espreso ya barafu nyumbani karibu wote huanza kwa kuuliza mashine: ya kampuni gani, ina pampu gani, inafaa au haifai. Mimi ningeanza na friza. Kinywaji hiki kikiharibika, mchawi huwa si espreso. Ni maji, yale yaliyoyeyuka kutoka kwenye barafu bila mtu kuyapangia nafasi.

Tuanze na kinachoifanya espreso iwe espreso. Mashine husukuma maji ya nyuzi joto 90 hadi 96 kupitia kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa, kwa shinikizo linalokaribia mara tisa ya lile la hewa inayotuzunguka. Ukiweka gramu 18 za kahawa, unapata kama gramu 36 za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 30. Kikombe hicho kidogo kimebeba mzigo: kati ya asilimia 8 na 12 ya uzito wake ni vitu vilivyotoka ndani ya kahawa yenyewe, wakati kahawa ya kuchuja kwa karatasi kwa kawaida haifikishi hata asilimia 2. Ndiyo maana espreso inaivumilia barafu. Kahawa ya kuchuja iliyopikwa kwa nguvu ya kawaida ukiimwaga juu ya barafu inageuka maji yenye rangi, lakini espreso ina akiba ya kupoteza. Kinachobaki ni kujua ipoteze kiasi gani, na nani anaamua, wewe au barafu.

Hesabu yenyewe ni fizikia ya sekondari. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kutosha kupoza gramu 80 za maji kwa nyuzi moja. Espreso ya gramu 36 ikiingia kwenye glasi ikiwa na nyuzi 70 hivi, kuishusha hadi sifuri kunahitaji gramu 32 hivi za barafu ziyeyuke, endapo barafu yako ilikuwa imeshaanza kulowa. Yaani umeiongezea maji yanayokaribia uzito wake kabla hujaonja. Barafu iliyotoka friza muda huohuo, ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, inafanya kazi nyingine kabisa. Kwanza inameza joto kwa kupanda tu kutoka kwenye baridi yake hadi sifuri, na katika safari hiyo haitoi hata tone. Weka gramu 150 za barafu ya namna hiyo na kitakachoyeyuka ni gramu 15 hivi. Espreso ileile, unga uleule, lakini maji yamepungua kwa zaidi ya nusu. (Nimeacha joto la glasi na la hewa, walimu wa fizikia wanisamehe.)

Kutokana na hapo inafuata jambo ambalo watu wengi hawalikubali kirahisi: barafu nyingi huleta maji machache. Yule anayesema "niwekee barafu kidogo, sitaki kahawa yangu iwe maji" anajitafutia hichohicho anachokikimbia. Vipande vitatu vinavyoelea peke yao vinapoteza karibu nusu ya mwili wao mara tu espreso inapovigusa, na kilichobaki hakina nguvu ya kuulinda ubaridi. Baada ya muda mfupi una kinywaji cha vuguvugu, chepesi, kisichokuwa cha moto wala cha baridi. Jaza glasi mpaka mdomoni. Ukiona espreso ni kidogo mno ndani ya mlima huo wa barafu, tumia glasi ndogo, usipunguze barafu.

Barafu nzuri huitambui kwa maneno ya mtu, unaitambua kwa jicho na kidole. Iliyokaa sawasawa ndani ya friza ni kavu, ina ukungu mweupe juu yake, na ukiishika inanata kidogo kwenye ngozi. Iliyosahaulika mezani inang'aa, inateleza, na chini ya chombo kuna kidimbwi. Mimina espreso juu ya ile kavu na usikilize: inalia, inapasuka nyufa ndani kwa ndani. Ile iliyolowa inanyamaza na kupungua. Kidimbwi hicho chini ya chombo nacho usikibebe kwenda nacho kwenye glasi, mwaga.

Ukubwa wa vipande una maana pia. Vipande vikubwa vina eneo dogo la kugusana na kinywaji kwa uzito uleule, kwa hiyo vinayeyuka taratibu. Barafu iliyopondwa inapoza haraka sana, ila inakuja na maji yake kwenye kila upenyo, na mimi siioni inafaa kwa espreso isipokuwa kama unataka kinywaji cha kula kwa kijiko. Na tafadhali, ifunike. Barafu hunyonya harufu za friza, na hakuna buni ya kupigiwa mfano itakayoshinda harufu ya kitunguu kilichokatwa jana.

Nikishasema hayo, mashine nayo nairudia kwa ufupi, maana simaanishi kwamba haina kazi. Achille Gaggia wa Milano, kwa mashine zake za mkono wa kuvuta za miaka ya 1940, ndiye aliyeipa espreso lile tabaka la povu la rangi ya hudhurungi ambalo hadi leo watu hulitazama kama cheti cha ubora. Ni povu zuri, sibishi. Lakini juu ya barafu linavunjika mara moja. Sehemu kubwa ya kinachoifanya espreso ya mashine ijivunie, yaani povu, uzito ule mdomoni na mvuke wenye harufu unaokupanda puani, hupungua sana kinywaji kikishapoa. Kwa hiyo kwenye glasi ya barafu pengo kati ya mashine ya gharama na vifaa vya kawaida linapungua kuliko kwenye kikombe cha moto. Kama kuna mahali pa kuanza bila mashine, ni hapa.

Birika la moka, lile la alumini lenye pembe nane ambalo Alfonso Bialetti alilileta mwaka 1933, halifikii hata robo ya shinikizo la mashine, kwa hiyo kinachotoka si espreso kwa maana kamili. Ni kahawa nzito, chungu kiasi, na inatosha. Jaza maji mpaka chini kidogo ya kile kitundu cha usalama pembeni, weka unga wa saga ya wastani inayoelekea kuwa laini, usiushindilie, tumia moto mdogo. Kahawa ikianza kutoka kwa kukoroma na kurusha povu la rangi ya maji ya ufuta, ondoa jikoni. Wengi huiacha mpaka tone la mwisho, na tone la mwisho ndilo lenye uchungu wa kuungua. AeroPress, kile kifaa cha bomba la kusukuma kahawa kwa mkono, cha Alan Adler wa Marekani, iliyotoka mwaka 2005, ni njia nyingine: gramu 18 za kahawa kwa gramu 60 hivi za maji ya moto, koroga, subiri dakika moja na nusu, sukuma. Vyote viwili vinatoa kahawa nyepesi kuliko espreso ya mashine, na hapo ndipo barafu isiyolowa, iliyotoka friza muda huohuo, inakuwa na umuhimu zaidi, kwa sababu akiba yako ya kupoteza ni ndogo.

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua mashine ya kusagia kabla ya mashine ya kupikia. Na mizani. Sioni mtu anawezaje kurudia kinywaji kizuri alichokipata kwa bahati kama hajui aliweka nini.

Sukari inahitaji maneno yake. Watu husema sukari haiyeyuki kwenye baridi. Inayeyuka, na nyingi tu. Tatizo ni mwendo wake. Chembe zinazama, zinakaa chini ya barafu, na unazikuta mwishoni zikiwa zimerundikana wakati kinywaji kimekwisha. Koroga sukari ndani ya espreso ikiwa bado ya moto, kabla haijaonana na barafu. Au pika shira: sukari na maji kwa uzito sawa, pasha mpaka ieleweke kuwa hakuna chembe, acha ipoe, weka kwenye chupa safi ndani ya jokofu. Jambo la pili ni kwamba ulimi wenyewe huhisi utamu zaidi kitu kikiwa cha moto kuliko kikiwa cha baridi sana. Kijiko kinachokutosha kwenye kikombe cha moto kitaonekana pungufu kwenye glasi. Hii haina maana umezidisha tamaa, ni namna ulimi ulivyo. Mwenye kuepuka sukari naye afahamu kuwa maziwa hayatamsaidia kama yanavyomsaidia kwenye kahawa ya moto, kwa sababu utamu wa maziwa nao unajificha kwenye baridi.

Tukiwa hapo kwenye maziwa: late ya barafu ndiyo inayopendwa na wengi na ndiyo inayoharibiwa na wengi. Gramu 36 za espreso, gramu 120 hivi za maziwa, glasi imejaa barafu. Maziwa yakitoka kwenye jokofu, nyuzi 4, yanaongeza kama gramu 6 za barafu itakayoyeyuka. Yakiwa yamekaa mezani na kufikia nyuzi 25, yanayeyusha gramu 37 hivi. Maziwa ya vuguvugu yanamwaga maji mengi kwenye glasi yako kuliko espreso ya moto yenyewe! Watu wanahangaika kuipoza kahawa, na paketi ya maziwa iko wazi mezani tangu asubuhi.

Kuhusu matabaka yale ya picha, maziwa chini na kahawa juu: weka barafu, mimina maziwa, kisha espreso polepole juu ya kipande cha barafu. Maziwa baridi ni mazito kuliko espreso ya moto, kwa hiyo yanabaki chini kwa muda. Piga picha yako, halafu koroga. Kunywa bila kukoroga ni kunywa vinywaji viwili vibaya kwa zamu. Utaratibu huohuo una faida kwa anayetumia maziwa ya soya, kwani asidi ya kahawa ikikutana nayo kwa moto huyagandisha vipande vipande. Espreso ikitua kwenye maziwa baridi sana, hatari hiyo hupungua. Na popote utakapoanzia, usimimine espreso ya moto moja kwa moja kwenye glasi tupu iliyotoka friza. Kioo kinaweza kupasuka.

Ukiniuliza mimi, hata hivyo, late siyo kilele. Kilele ni shakerato ya Waitalia, na inashangaza jinsi inavyosahaulika. Espreso mbili, sukari au shira, vipande vikubwa vya barafu, vyote ndani ya chombo cha kutikisia au mtungi wa kioo mzito wenye kifuniko kisichovuja. Tanguliza barafu ili kahawa ya moto isikutane na hewa iliyofungiwa ikaurusha mfuniko. Tikisa kwa nguvu mpaka chombo kiwe baridi kiasi cha kuuma vidole. Chuja kwenye glasi bila barafu. Juu linakaa povu zito, la rangi ya mchanga, linalodumu kuliko povu lolote lililotoka kwenye mashine, na chini kahawa iliyopoa yote kwa pamoja. Hapa maji yaliyoyeyuka ni sehemu ya kinywaji, unayapanga kwa muda wa kutikisa, na ukishachuja hayaongezeki tena. Ndiyo sababu naipenda: barafu imefanya kazi yake na imetolewa.

Wagiriki wana ndugu yake, fredo espreso, inayopigwa kwa kile kichanganyio chembamba cha umeme pamoja na barafu kidogo, kisha inamiminwa juu ya barafu mpya. Fredo kapuchino ni hiyohiyo na povu la maziwa baridi juu yake, na kwa povu hilo maziwa yenye mafuta kidogo yanafanya vizuri zaidi kuliko yenye mafuta mengi. Usichanganye hizi na frape yao, ambayo inatengenezwa kwa kahawa ya unga ya kuyeyusha na ina historia yake ya miaka ya 1950.

Kahawa iliyolowekwa kwenye maji baridi kwa saa 12 hadi 24 ni kitu kingine. Ni laini, haina ukali, na haina ule mshtuko wa espreso. Anayeipenda aipende, ila asiniambie ni kitu kilekile kwa sababu vyote vina barafu.

Buni gani itumike? Ukitumia maziwa, iliyochomwa kwa wastani au zaidi kidogo. Bila maziwa, hasa kwenye shakerato, jaribu iliyochomwa kidogo. Uchachu wake wa matunda, ambao kwenye kikombe cha moto huwakera wengine, kwenye baridi unakuwa safi. Buni ya aina ya robusta kidogo ndani ya mchanganyiko inaongeza povu.

Uchachu huohuo ndio unaoifanya espreso na maji ya toniki, ile soda chungu, vipatane. Barafu, toniki iliyopoa, halafu espreso juu. Mimina polepole kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu gesi inalipuka kuwa povu mara kahawa inapogusa na inapanda haraka. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya glasi, na mara ya kwanza ifanyie ndani ya sinki.