Sabufa na Safari ya Mama Mkwe

Kosa la kwanza ni la Wajapani. Redio za magari yao ya zamani zilitengenezwa kwa masafa ya kwao ya wakati ule, 76 hadi 90, na sisi stesheni zetu nyingi za FM ziko juu ya hapo, mpaka 108. Kwa hiyo ukinunua Starlet kuukuu kutoka Japani, kama nilivyonunua mimi mwaka 2012, redio inakukaribisha kwa maandishi usiyoyajua, halafu inakupa stesheni mbili na mvumo. Tundu la CD nalo lilikuwa limemeza diski ya mwenye gari wa kwanza na halikuwa na mpango wa kuitapika.

Mimi nilikuwa na iPod, ile yenye gurudumu. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na amplifaya iliyotumika na sabufa ya inchi 12 ndani ya boksi lililovishwa zulia jeusi. Mke wangu alilitazama boksi likishushwa kwenye buti akauliza, "Nani amefariki?"

Muuzaji alisema fundi wake angenifungia kwa elfu ishirini. Nikamwambia nimesoma fizikia mpaka kidato cha nne. Sikumwambia nilipata ngapi.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri mwanzoni. Waya mnene wa moto kutoka kwenye betri, na fyuzi yake pale pale karibu na betri, ukapita chini ya zulia mpaka buti. Ethi kwenye bodi. Sabufa na spika za milango zote kwenye amplifaya. Kutoka kwenye iPod, waya kama ule wa deki: huku pini moja ndogo ya hedifoni, huku pini mbili, nyekundu na nyeupe. Sasa amplifaya ilikuwa na matundu matatu yaliyopangana: moto, ethi, na moja limeandikwa REM. Nikaunganisha yale mawili niliyoyaelewa. Kimya. Hata kitaa hakikuwaka.

REM ndiyo sikio la amplifaya. Isipopata volti 12 hapo, haiamki. Kwa kawaida redio ndiyo huiamsha, na redio ikizimwa, nayo inalala. Redio yangu na mimi hatukuwa tunaelewana lugha. Kwa hali hiyo fundi huchukua moto wa swichi, ule unaokatika ukichomoa ufunguo. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilikata kipande cha waya, urefu wa kidole cha mtoto, nikakitoa REM nikakichomeka kwa jirani yake, kwenye moto wa betri moja kwa moja. Kitaa cha kijani kikawaka. Nilishangilia peke yangu ndani ya buti.

Sauti ikawa ndogo, maana kinachotoka kwenye tundu la hedifoni kimekusudiwa masikio ya mtu mmoja. Nikapandisha iPod mpaka mwisho. Nikazungusha na geini ya amplifaya, ile inayopima sauti ikuzwe kiasi gani, kwa bisibisi mpaka ikagoma. Hapo kioo cha nyuma kilitetemeka, nikawa naona kila bodaboda ni mbili.

Nilipochomeka chaja ya iPod kwenye tundu la sigara akaingia mbu. Ukikanyaga mafuta mbu anapandisha sauti, ukiachia anashuka. Nilimfukuza kwa gazeti kutoka Tabata mpaka Buguruni kabla ya kugundua kwamba ni alternata, ile inayochaji betri ya gari, inaimba kupitia ile chaja. Nikaiondoa. iPod ile betri yake inakaa siku nzima na zaidi, kwa hiyo shida hakuna.

Wiki ile mama mkwe alikuwa kwetu, na Jumatatu alikuwa anarudi Muheza, mkoani Tanga. Wakati ule basi la Tanga lilikuwa linaondoka Ubungo saa kumi na mbili asubuhi, na mama mkwe ni mtu wa kufika saa kumi na moja. iPod ina kengele ya kuamsha, na badala ya kengele unaweza kuichagulia orodha ya nyimbo. Niliichagulia mchiriku, kwa sababu hakuna binadamu anayelala ndani ya mchiriku. Nikategesha saa kumi alfajiri. Hiyo ilikuwa mchana. Jioni akaja shemeji, nikatoka naye kwenda kumwonyesha mzigo unavyopiga. Tulipomaliza nikausimamisha wimbo, iPod nikaitia kwenye droo ya dashibodi wezi wasiione, nikachomoa ufunguo, nikaenda kulala.

Amplifaya haikuambiwa na mtu kwamba tumeenda kulala.

Saa kumi kamili sikusikia muziki. Nilisikia mabati. Banda la kuku la mwenye nyumba lilianza kucheza, halafu glasi kabatini, halafu mlango wa choo, na ndipo kinanda kikaingia. Mke wangu akanipiga kiwiko: "Baba watoto, lile jeneza lako!"

Nikatoka na singlendi, nikavuta kanga ya kwanza niliyoigusa kwenye kamba ya uani, nikajifunga huku nakimbia. Nikafungua gari. Nikachomeka ufunguo, nikazungusha, nikarudisha. Muziki ule ule. Taa ya ndani ilikuwa inafifia kwa kila pigo, kama inapumua. Droo ya dashibodi ya Starlet yangu hufunguka kwa kupigwa ngumi mahali pamoja tu, na gizani mahali penyewe nilipakosa mara nne. Nilipoipata iPod nikafanya kosa la kuivuta kwa pupa: pini ikachomoka, ikabaki vidoleni mwangu. Ukishika ncha ya pini ile wakati amplifaya iko macho, mwili wako wote unageuka kuwa chombo cha muziki. NGRRRRRR! Mchiriku ulikuwa afadhali.

Nyuma yangu walishakusanyika: mwenye nyumba na panga, kijana wa chipsi, mama wa chumba cha mwisho na mtoto mgongoni. Na mama mkwe, ameshavaa, mkoba begani.

"Shikamoo mama!" nikapiga kelele.

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama, mama!"

Akasogea. Marehemu mumewe alikuwa na lori la kubeba machungwa ya Muheza kuleta Dar. Akaniambia sikioni, bila haraka, "Spana namba kumi unayo? Fungua boneti. Legeza hasi kwanza."

Nikainama kwenye injini. Kijana wa chipsi akanimulika kwa simu, na alipoona maandishi akayasoma kwa sauti, taratibu, kama yuko darasani: "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu."

Hasi ikatoka. Kimya kikashuka Tabata nzima. Ndani ya kimya kile mwenye nyumba alisema neno moja ambalo sitaliandika.

"Kabla hujairudisha," akasema mama mkwe, "toa fyuzi ya huyo ng'ombe wako."

Nikatoa. Nikarudisha betri, nikapiga starta: tk, tk, tk. Amplifaya ilikuwa macho tangu jioni, na betri yenyewe ilikuwa ya uzee. Ndipo watu waliokuja kunipiga wakajipanga nyuma ya gari, panga likawekwa juu ya ukuta, na mama mkwe akakaa kiti cha mbele akielekeza: "Gia ya pili. Usiachie klachi mpaka nikuambie. Sasa!"

Likawaka. Nikapiga honi ya shukrani, kosa lingine, na sikuthubutu kusimama mpaka Ubungo.

Pale wapiga debe walituvamia, "Tanga, mama, Tanga hii hapa!" Injini siwezi kuzima. Kushuka siwezi, nina singlendi na kanga. Mama mkwe alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akashuka mwenyewe, akatoa begi lake kiti cha nyuma, maana buti lilikuwa limejaa sabufa. Akapiga hatua mbili, akarudi dirishani.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hiyo kanga ni yangu. Mtaniletea mkija."