Mbwa naye atembezwe? Hoja ya nusu saa kwa mguu jijini Mwanza

Ukipita Buswelu au Nyegezi jioni umemshika mbwa kwa kamba, utasikia maneno ya aina mbili. Vijana wa kijiwe cha bodaboda watakuita mzungu, na hilo si la kujibu. La pili linatoka kwa watu wazima na lina uzito: mbwa ni mlinzi, kazi yake ni usiku, ukimzoesha kuzunguka na kuonana na watu atapoa, na siku mwizi akija atamtikisia mkia. Upande mwingine wapo madaktari wa binadamu na wa mifugo, ambao ushauri wao haubadiliki: matembezi mafupi ya kila siku yanamfaa mwenye mbwa na yanamfaa mbwa wake. Mimi niko upande wa madaktari. Ila naona ushauri wao mara nyingi hutolewa kana kwamba mitaa yetu ina njia pana za waenda kwa miguu na mbwa wote wamechanjwa, na hapo ndipo wazee wanapokuwa na hoja.

Tuanze na mtu, maana kwake hesabu ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiwango cha wastani. Kwa anayetembea, kiwango hicho ni ule mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini kuimba kunakushinda. Nusu saa kwa siku tano, dakika 150 zimetimia. Jambo ambalo wengi hawajaambiwa ni kwamba mwongozo huo uliachana na sharti la zamani la kutembea angalau dakika kumi mfululizo. Kila kipande kinahesabiwa. Anayeshuka daladala kituo kimoja kabla ya chake, akapanda kwa mguu kuelekea Bugando, tayari ameweka kitu kwenye hesabu yake ya wiki, na kile kilima kinamwongezea.

Wako wanaokata tamaa kwa sababu ya zile hatua 10,000 ambazo simu zinawadai kila siku. Namba hiyo haikuanzia hospitali wala maabara. Ilienezwa na kampuni ya Japani iliyouza kifaa cha kuhesabu hatua mwaka 1965. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake wazee zaidi ya 16,000, matokeo yake yakatoka mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliofikisha wastani wa hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliopiga 2,700, na kuanzia hatua 7,500 hivi nafuu haikuendelea kuongezeka. Kwa mama mwenye miaka sabini kule Kitangiri hizi ni habari njema. Mzunguko wa kumjulia hali jirani na kurudi una maana.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unahusu madereva na makondakta. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye kiti siku nzima, konda alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Wote walitoka tabaka moja na walifanya kazi ndani ya basi moja, lakini madereva waliugua moyo zaidi. Hapo wengi huishia, wakasema yametimia, kutembea kunaokoa moyo. Morris mwenyewe hakuishia hapo. Miaka mitatu baadaye alipekua vipimo vya sare za wafanyakazi hao, akakuta madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta tangu walipoanza kazi. Maana yake sehemu ya tofauti ile ilikuwepo kabla ya ngazi. Tafiti nyingi zilizofuata zimeendelea kuunga mkono wazo la msingi, lakini namheshimu mtu aliyekwenda kutafuta udhaifu wa hoja yake mwenyewe, na ningependa wanaohubiri mazoezi waige uangalifu huo.

Kwa mfano, je, kutembea kunapunguza uzito? Kidogo sana. Nusu saa ya mwendo wa kawaida huchoma nguvu isiyofikia chapati moja kubwa ya mafuta. Anayetembea kila jioni halafu akapitia chipsi mayai njiani asishangae mizani. Faida za kweli ziko kwenye presha, kwenye sukari ya damu hasa ukitembea baada ya kula, kwenye usingizi na kwenye utulivu wa akili. Na presha si jambo dogo kwetu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Matembezi humsaidia mtu huyo, lakini hayampi ruhusa ya kuacha dawa.

Tena ushauri huu haumhusu kila mkazi kwa kipimo kimoja. Mchuuzi wa dagaa anayebeba mzigo wake kutoka Mwaloni Kirumba, au mkazi wa Mabatini anayepanda kwenye mawe mara tatu kwa siku na ndoo kichwani, amekwisha kuzidisha dakika zake. Anachohitaji ni kupumzika na maji karibu na nyumba. Wanaohitaji kuambiwa ni wale ambao kazi yao ni kukaa: dereva wa daladala, mwenye duka Makoroboi, karani, mwalimu anayesahihisha madaftari hadi usiku, na hata bodaboda mwenyewe, ambaye anasafiri kutwa nzima bila miguu yake kufanya kazi.

Kuna pingamizi la usalama, na hilo nalipa uzito mkubwa. Barabara zetu nyingi za mitaani hazina njia ya mguu. Mtembeaji, pikipiki na mtaro wanagombea nafasi moja. Halafu kuna suala la giza. Mwanza iko mbali magharibi mwa Dar es Salaam lakini tunatumia saa zilezile, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa karibu dakika 25. Kwa mwaka mzima huchomoza kati ya saa 12:25 hivi na kama dakika tano kabla ya saa 1 asubuhi. Mwanamke anayeambiwa atoke saa 11 alfajiri kabla ya kazi anaambiwa atembee gizani, kati ya mawe, mahali ambapo vibaka wanajua kona kuliko yeye. Vikundi vya jogging vya mwisho wa wiki vimelitatua hilo kwa wingi wa watu, lakini havitoki kila siku. Jibu langu ni jioni, kwa kuwa jua lilelile linalochelewa kuchomoza linachelewa pia kuzama, na aliyetoka kazini saa 11 jioni bado ana zaidi ya saa moja na nusu ya mwanga.

Sasa mbwa.

Tazama mbwa aliyefungwa mnyororo uani tangu asubuhi. Chini yake utaona duara la udongo mtupu, majani yameisha kwa urefu uleule wa mnyororo. Shingoni manyoya yamekatika kwa kusuguliwa, mahali pengine ngozi imeota sugu. Mtu akipita nje ya geti anaruka mpaka mnyororo unamkaba, anarudi, anaruka tena. Wengi wetu tunaita huo ukali, na tunafurahi kwamba mlinzi yuko kazini. Mara nyingi ni woga na uchovu wa kutokuwa na la kufanya. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia kitu kinachomtisha, kwa hiyo kinachobaki kwake ni meno, na meno hayo hukutana zaidi na mtoto aliyefuata mpira kuliko na mwizi.

Kutembezwa kunampa vitu viwili. Mwili unanyooka, viungo havikakamai, mafuta hayajai, na hasa mbwa wa mbegu, kwa vile wa kienyeji huwa wembamba kwa asili. La pili, nadhani ni kubwa zaidi, ni pua. Mbwa huijua dunia kwa kunusa, na dakika ishirini za kunusa kila nguzo na kila kichaka humchosha kwa namna njema kuliko kukimbizwa. Usimvute kila anaposimama. Mpe muda.

Na ile hoja ya ulinzi? Naikubali nusu. Mbwa anayeachwa abembelezwe na kulishwa na kila mpita njia atazoea wageni, hilo ni kweli. Lakini kutembezwa si kubembelezwa na watu. Mbwa anayepita mtaani kila jioni na bwana wake, bila kuguswa na mtu, anajifunza yapi ni ya kawaida: muuza maziwa, pikipiki, watoto wa shule. Usiku asipobweka kila kitu, akibweka utaamka. Anayebweka kutwa kucha hakuna anayemsikiliza, hata mwenye nyumba.

Mahali ambapo wazee wananishinda ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na hadi asilimia 99 ya wanaoupata wanaupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kinga yake inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Mkoa jirani wa Mara umeshuhudia hilo. Vijijini karibu na Serengeti chanjo za mbwa zilipunguza wazi idadi ya watu wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa. Kumtoa barabarani mbwa ambaye hajachanjwa, akutane na mbwa koko wa dampo, ni kumweka hatarini yeye, wewe na mtaa. Kwa hiyo utaratibu ninaoutetea hauanzi na kamba. Unaanza kwa bwana mifugo: chanjo kuanzia miezi mitatu, kurudia kama atakavyopanga, na cheti kikae nyumbani. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ni wakati mzuri kwa wenyeviti wa mitaa kuulizia chanjo mapema. Na aliyeng'atwa, hata akikwaruzwa tu, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Lipo pia jambo la majirani zetu Waislamu, ambalo wenye mbwa wengi hulichukulia kama kero, na si haki. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa nchini, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee aliyetawadha anatoka msikitini alfajiri na kanzu yake, wewe unatokea kwenye kona na mbwa mwenye pua mbichi: umemharibia. Fupisha kamba, vuka upande wa pili, salimia ukiwa mbali. Huo ndio ujirani, na mbwa mwenye bwana wa namna hiyo hupata watetezi wachache kuliko anavyostahili, lakini huwapata.

Ziwa nalo lina masharti yake. Wengi hupenda kumaliza matembezi kwa kumwogesha mbwa ufukweni. Maji ya kingoni mwa Ziwa Victoria, hasa penye magugu na konokono, yana kichocho, na anayeingia mpaka magotini kumsugua mbwa ndiye anayeondoka nacho. Sehemu nyingine zina mamba na viboko. Mwogeshe nyumbani kwa ndoo. Mchana nako, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, lami inaunguza nyayo. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake. Ukishindwa kuvumilia sekunde chache, mbwa naye abaki kivulini. Hutoa joto kwa kuhema, hana jasho la mwili mzima kama letu.

Waingereza waliowachunguza watu wa eneo moja la nchi yao, matokeo yakatoka mwaka 2019, walikuta wenye mbwa wana uwezekano mara nne zaidi wa kufikisha zile dakika 150. Takwimu hiyo haihamishiki Mwanza moja kwa moja. Kwao mbwa asipotoka na bwana wake haendi popote. Kwetu geti linafunguliwa usiku anajitembeza mwenyewe, na mwenye mbwa amekaa kwenye kochi. Faida inakuja pale tu kamba inapokuwa na mtu upande wa pili.

Wanaosema hakuna mahali pa kutembea wasijibiwe kwa kuhimizwa wawe na moyo. Ufukwe wa jiji hili umejaa kuta za hoteli, viwanda na viwanja vya watu, na mkazi wa Igogo anaweza kuliona ziwa kutwa bila kupata njia ya kulifikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda huo ukisimamiwa kama ulivyoandikwa, ukawekewa njia ya changarawe isiyoingilika kwa pikipiki, Kirumba na Igogo zitapata mahali pa kutembea, na wenye mbwa watakuwa na upande wao wa kupita bila kuwabana wengine. Madiwani wa Ilemela na Nyamagana waulizwe kuhusu mita hizo.