Kabla hatujabishana kulima, niambie mbolea unaiweka wapi

Kila msimu wa kupanda ukikaribia ubishi ni uleule, huyu anasema lima mpaka udongo uwe unga, yule anakwambia kulima ni dhambi, acha mabua yalale hapohapo tia mbegu uondoke, na wote wamekaza shingo utadhani wanagombea urithi. Mi siku hizi nauliza kitu kimoja tu, mbolea unaiweka wapi? Ukishanijibu hilo, nusu ya habari ya plau imejijibu yenyewe.

Chukua mbolea ya urea. Ina naitrojeni asilimia 46, ndo maana watu wanaipenda. Sasa wewe hujalima, shamba limejaa mabua, afu unapita unairusha juu kama mtu anayelisha kuku. Yale mabua na udongo wa juu vina kimeng'enya kinachoivunja urea ikawa amonia, na amonia ni gesi, inaondoka zake, hasa kukiwa na joto na kaunyevu kidogo lakini mvua ya maana hakuna. Ikinyesha milimita 12 hivi au zaidi ndani ya siku chache ikaizamisha, umepona. Isiponyesha umelisha upepo. Na hapo sijawataja vijidudu wanaoozesha mabua, nao wanataka naitrojeni yao, mabua ya mahindi yana kaboni kama mara 60 ya naitrojeni iliyomo, kwa hiyo wanaila kwanza wao, mche unabaki na umanjano wiki kadhaa na wewe unaapa mbolea ulitia. Aliyelima akaifukia siku hiyohiyo hasara ya gesi haimsumbui sana. Asiyelima sio mjinga, ila lazima aizike, sentimita 5 mpaka 7 chini inatosha, iwe kwa planta, ile mashine ya kupandia, au kwa jembe la mkono, basi.

Fosforasi, kirutubisho kingine cha mbolea, ni kinyume kabisa, hiyo ukiiweka imelala hapo, inasogea milimita chache tu, mzizi ndo uifuate. Afu kwenye udongo wenye tindikali chuma na aluminiamu vinaing'ang'ania, kwa hiyo ukiirusha shamba zima ukaipitishia haro, lile jembe la kuvunja mabonge, umeupa udongo nafasi nzuri ya kukuibia. Iweke kwenye mstari. Na kama unapanda majira ya kuchipua, udongo bado una baridi, mizizi inajikongoja, ndo unaona miche inageuka zambarau wakati kipimo cha udongo kinasema fosforasi ipo ya kutosha! Ipo kweli, ila haifikiki.

Basi si niiweke palepale na mbegu? Thubutu. Mi nimeshafanya hivo, DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni, na mbegu ya mahindi shimo moja, udongo wa kichanga, mvua ikachelewa, siku ya kumi nikaona mistari ina mapengo nikachuchumaa kufukua. Mbegu imevimba vizuri, kamzizi kametoka kidogo tu, afu ncha yake kahawia imesinyaa kama kijiti cha kiberiti kilichozimwa. Ile chumvi inavuta maji yaliyotakiwa yaende kwenye mbegu, na DAP juu yake inatoa amonia inayounguza. Mbolea ya potashi kwa chumvi ndo usiseme. Siku hizi vidole vitatu pembeni ya mbegu na vidole vitatu chini yake, ni kama sentimita 5 kila upande, na sibishani na mtu.

Sasa kulima kwenyewe. Sipingi plau jamani, napinga plau kwenye tope. Udongo wa juu unakauka haraka unakudanganya, kule chini linakopita jembe bado ni ugali, ukiingiza trekta linalainisha na kukandamiza, ukirudia kina kilekile mwaka hadi mwaka unapata tabaka gumu kama sakafu. Ng'oa mmea mmoja katikati ya msimu uangalie, mzizi umeshuka ukagonga ukakata kona kwenda pembeni kama herufi L. Mbolea na maji vilivyo chini ya hapo ni vya nani sasa?

Mi moyo wangu uko kwenye kulima mistari tu, upana wa sentimita 20 au 25, katikati mabua yanabaki yanalinda udongo. Ule mstari uliofunguka unapigwa jua unapata joto mapema, mbolea inazama chini yake, mbegu inakuja juu. Unapata faida za wale wagomvi wawili bila kelele zao. Ubaya wake unataka mtu anayeweza kunyoosha mstari, maana mbegu ikiangukia nje ya hapo umefanya kazi bure (na wengine tukishika usukani mistari yetu ni nyoka mtupu, tuseme ukweli).

Juzi jirani kaja anataka nimwambie kama aanze kulima, trekta analo tayari, kesho yake linakwenda kwa mwingine. Nikamwambia chimba mpaka linakofika jembe, chukua udongo konzi moja, finya liwe donge, afu ligonge na kidole gumba, likimomonyoka lima. Akafinya, likatoka kati ya vidole refu kama soseji, kiganja kinang'aa maji. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akaliangalia tena. Trekta likarudi bila kulima na yeye hajanisemesha mpaka leo.