Usimtafute chiriku kwa manjano

Mtu akiniambia ameona kandege ka manjano, akataka nimtajie jina, namuuliza kwanza mdomo wake ulikuwaje. Mara nyingi hajui, rangi ilishamtosha. Kwangu mimi rangi ni ushahidi wa mwisho. Kwera dume ni wa manjano, ndege wafyonza maua waitwao chozi, wengine wana matumbo ya manjano, na hao wote si chiriku. Tena chiriku wenyewe si lazima wawe manjano: yule wa kahawia mwenye mistari mistari, kwa jina la kisayansi Crithagra striolata, anayeshinda kwenye bustani za nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ni chiriku kamili.

Basi anza na mdomo. Wa chiriku ni mfupi na mnene, wa kwera umerefuka na kuchongoka. Kisha tazama uso. Chiriku anayeonekana sana, Crithagra mozambica, ana paji na nyusi za manjano, utosi wa kijivujivu, mstari mweusi unaopita jichoni na mwingine unaoshuka kando ya kidevu kama sharubu. Akiruka utaona kiuno cha manjano na ncha nyeupe za mkia. Ni mdogo hasa, gramu 12 hivi. Ukikuta mwenye mdomo mkubwa mno na alama za uso zilizofifia, huenda ni Crithagra sulphurata. Na yule wa kahawia anayeonyesha kiuno cha manjano pale tu anaporuka, wengi wanaompita mjini bila kumtazama, ni Crithagra reichenowi.

Mdomo huohuo ndio unaoeleza maisha yake. Ulimi hugeuza mbegu, ukingo wa mdomo wa chini hupasua ganda, kiini humezwa na kumvi hudondoka. Kwa kuwa anategemea nyasi, anazifuata: zikikomaa baada ya mvua, dume hupanda kileleni kuimba na jike hujenga. Hapo tena anaachana na kwera. Hasuki kiota cha kuning'inia. Hutengeneza kikombe kidogo kilicho wazi kwenye panda ya matawi, kwa nyasi laini na utando wa buibui. Mayai kwa kawaida ni 3 au 4, na jike huyalalia karibu wiki 2 huku dume akimletea chakula. Makinda hulishwa mbegu zilizolainishwa kooni mwa wazazi. Wadudu nao wamo, na kumbikumbi wakitoka hawaachwi.

Kuna jambo la chiriku linalonifurahisha kuliko hata wimbo wake. Mwanzoni wazazi huondoa kinyesi cha makinda, kisha huacha, na ukingo wa kiota hugandamana uchafu. Ukikuta kikombe cha namna hiyo kimetelekezwa, una dokezo zuri la nani alikuwa mwenye nyumba.

Wimbo ndio uliomponza Crithagra mozambica. Alisafirishwa sana kutoka Afrika kuuzwa kwa wafugaji, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ndege wa porini. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango huo kabisa mwaka 2007, Tanzania nayo ikasimamisha kuuza nje wanyamapori hai mwaka 2016. Leo chiriku huyu anazaliana Hawaii na Puerto Rico, alikopelekwa na binadamu. Naunga mkono makatazo hayo, ingawa najua ndege mwenyewe hayumo hatarini kutoweka. Hoja yangu ni kwamba akiwa tunduni, karibu yote niliyoyaeleza hapa hutayaona.

Mwenye uwanja hahitaji tundu. Aache kona moja isifyekwe mpaka nyasi zitoe mbegu. Majirani watasema ni uchafu, watakuja na habari za nyoka. Fundi wa kufyeka naye atanuna. Mpe chake cha siku hiyo na umwambie arudi mbegu zikiisha.