Mabinti wa anime wako kazini, nyie mmekodolea sketi

Yaani kila ikizuka mada ya anime, hizi katuni za Kijapani, na wanawake huku mitandaoni lazima watu wagawanyike mafungu mawili. Wa kwanza wanasema wanawake wa kwenye anime ni mapambo tu, wamechorwa wafurahishe macho ya wanaume, sketi fupi, kifua hakiendani na mgongo, halafu wa pili wanakuja mbio na picha za mabinti wenye mapanga, eti si hawa hapa mashujaa. Wote mnanichosha. Wa kwanza wana haki yao, uchafu upo tena mwingi na siutetei, ila mie kipimo changu ni kingine kabisa, nauliza huyo mwanamke anafanya kazi gani. Sio anapigana na nani. Kazi, ya kutoa jasho.

Chukua Sazae-san. Huku kwetu wanaomjua ni wa kuhesabu, hana nguvu za ajabu, hana upanga, ni mama wa nyumbani tu anayeishi na mume, mtoto, wazazi wake na wadogo zake nyumba moja (mume ndo kaja kukaa ukweni, na wala haoni shida). Alianza kama katuni ya gazetini 1946, Japani ndo imetoka kushindwa vita, TV ikamchukua Oktoba 1969 na mpaka leo anarushwa Jumapili jioni Fuji TV, na sauti ni ya mama yule yule, Midori Kato, tangu kipindi cha kwanza. Guinness wameshamwandika kitambo kama katuni ya TV iliyodumu kuliko zote. Wajapani wana hadi ugonjwa wa Sazae-san, ile hali ya roho kunyong'onyea kipindi kikiisha maana unajua kesho Jumatatu. Sasa utamu uko hapa: Machiko Hasegawa aliyemchora hakuolewa maisha yake yote, na vitabu vyake alivichapisha kwenye kampuni aliyofungua mwenyewe na dada yake. Kwa hiyo mama wa nyumbani wa taifa zima kachorwa na bosi asiye na mume.

Halafu njoo kwa Chihiro wa filamu ya Spirited Away, 2001. Binti wa miaka kumi, mlalamishi, mwoga, wazazi wamegeuka nguruwe, na njia pekee ya kubaki hai ni kwenda kuomba kazi kwenye hamamu, kama zile za Hamamni pale Mji Mkongwe ila wateja ni mizimu na miungu. Hapewi fimbo ya uchawi. Anapewa tambara asugue bafu kubwa kuliko chumba chako. Anakuja mteja ananuka mpaka chakula kinaoza njiani, wakubwa wote wanaziba pua, mtoto anaingia kwenye tope anashika kitu kimechomoza, kumbe ni usukani wa baiskeli, wanafunga kamba wanavuta wote, na takataka zote za mto zinamwagika nyuma yake, kumbe yule mteja ni mungu wa mto amejaziwa uchafu na binadamu. Filamu hiyo ilikaa juu ya chati za mapato ya sinema Japani mpaka 2020, na shujaa wake ni mfanya usafi.

Ila wangu mimi ni Bibi Eboshi wa filamu ya Princess Mononoke, 1997, hapa naweza kubishana mpaka asubuhi. Anaendesha mji wa kuyeyusha chuma, wanawake aliowakomboa kwenye madanguro kawapa kazi ya kukanyaga mivukuto ya tanuri, wanakanyaga kwa miguu huku wanacheka na kuwatania wanaume, wagonjwa wa ukoma ambao watu wanawakimbia kawapa sehemu ya kukaa wanamtengenezea bunduki. Mtu mwema eeh? Mtu huyo huyo anafyeka msitu na anampiga risasi mungu wake hadi kichwa kinatoka. Anapoteza mkono, hafi, hatubu kwa machozi, anasema tutaanza upya. Nitajieni mwanamke mwingine wa katuni aliyeachwa awe mgumu hivyo bila mwandishi kumwadhibu au kumtafutia mume, nasubiri.

Na wanaowachora je? Reiko Okuyama aliingia Toei, studio ya katuni, 1957, enzi ambazo mwanamke akiolewa akazaa anategemewa aage, yeye akaolewa akazaa akarudi mezani kuchora, na wenzie wakapigania hilo. NHK, televisheni ya umma ya Japani, walikuja kutoa tamthilia 2019 iliyochota mengi kwenye maisha yake. Studio ya Kyoto Animation nayo, mnayoipenda kwa michoro safi, ilianza 1981 na Yoko Hatta akiwakusanya wamama wa mtaani kwake kupaka rangi kazi za studio nyingine. Wamama wa mtaani jamani.

Hapo Kyoto ndo katokea Naoko Yamada, aliyeongoza filamu ya A Silent Voice. Huyu mama ana tabia ya kupeleka kamera kwenye miguu, na anasema kabisa kwamba miguu inatoa siri ya moyo, uso unaweza kudanganya. Kwenye Liz and the Blue Bird (2018) dakika za mwanzo ni mabinti wawili tu wanatembea kuingia shuleni, mmoja mbele hatua nyepesi, mwingine nyuma anamfuata, na kabla hawajaongea la maana unajua nani anampenda mwenzie zaidi. Sketi ni zile zile na miguu ile ile mnayolalamikia, ila anayeangalia kabadilika.

Ndo maana kuna kitu siwezi kuwasamehe Ghibli, hao waliotengeneza Spirited Away na Princess Mononoke, na nawapenda kweli. Studio ipo tangu 1985, imetupa Kiki, San, Chihiro, Eboshi, wanawake wanaendesha viwanda na wanapeleka mizigo kwa ufagio, lakini filamu ndefu ya sinema iliyoongozwa na mwanamke pale hakuna hata moja. Eboshi angekuwa mwajiri wao lingeshaisha hili.