Mbps Nyingi Hazitakuokoa Mtandao Ukikata

Kijana mmoja hapa mtaani kwetu Mabatini, Mwanza, alikuwa akifanya biashara ya dhahabu mtandaoni; alikatiwa mtandao bei ikiporomoka, akapoteza mtaji aliouchanga kwa kubeba dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Ushauri aliopewa ni kununua kifurushi kikubwa zaidi, chenye Mbps (kipimo cha kasi ya mtandao) nyingi. Nimekasirika kweli.

Bei zinazoingia kwenye MetaTrader, programu ya kununulia na kuuzia sokoni, ni namba tu. Mbps 1 iliyotulia inazibeba bila shida. Kinachomaliza watu ni mtandao wa kukatika-katika, na mara nyingi ugonjwa uko sebuleni kwako.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, fungua madirisha mawili ya kuandikia amri kwenye kompyuta. Moja lipige pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu) kwenye ruta yako, anwani ya nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. La pili lipige 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Yaache yote yakimbie soko likiwa na moto. Ruta yenyewe ikisuasua kujibu, tatizo ni waifai yako, na hakuna kifurushi duniani kitakachoitibu. Ruta ikijibu vizuri huku nje kunakatika, mpigie mtoa huduma na umsomee majibu hayo. Ukiwa na ushahidi hawezi kukuambia "zima uwashe" ukanyamaza.

Huku mlimani nyumba zimebanana, ruta ya jirani iko hatua chache kutoka kitandani kwako. Kwenye waifai ya GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na mtaa mzima unazigombania. GHz 5 ina nafasi zaidi ila kuta zinaichosha. Chomeka waya wa LAN! Sielewi kwa nini mtu aweke fedha zake sokoni halafu aogope kununua waya.

Wa ruta za laini ya simu, mawe yetu yanazuia mawimbi. Tazama RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) kwenye ukurasa wa ruta: -85 ni nzuri, -110 ni balaa. Hamisha ruta dirisha hadi dirisha mpaka namba ipande kuelekea sifuri. Umeme nao: ruta inakula wati chache, UPS ndogo (betri ya akiba) inaibeba.

Haya, nakubali, kuna siku kosa si lako. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima ikayumba. Siku kama hiyo hata waya wa dhahabu usingekusaidia.

Ndiyo maana kilichoniuma zaidi ni kwamba yule kijana hakuwa na kikomo cha hasara (stop loss), bei ambayo biashara inajifunga yenyewe. Kikomo ulichokiweka kwenye odaa kinakaa kwenye seva ya broka, yaani kampuni inayokuingiza sokoni, kinafanya kazi hata nyumba yako ikiwa gizani, ingawa bei ikiruka kinaweza kufunga pabaya kuliko ulipopanga. Ila ile treilingi (trailing stop) ya MetaTrader, inayosogeza kikomo kufuata bei, inaendeshwa na kompyuta yako. Mtandao ukikata, kikomo kinabaki pale kilipofika mara ya mwisho. Wangapi wameambiwa hili na hao wanaowauzia mafunzo? Takwimu za ajira za Marekani, zinazoweza kuirusha bei ghafla, hutoka saa 9:30 au 10:30 alasiri kwa saa zetu, kutegemea majira yao. Usiingie dakika hiyo ukitegemea treilingi.

Programu ya broka iwe pia kwenye simu yenye laini ya mtandao mwingine, na namba yao uiandike kwenye karatasi ukutani.